Sifuri ya Kihagara

Tulipomzika Stefano, mtani wake mmoja wa Kingoni alikuja kutoka Songea na mfuniko wa sufuria ndani ya koti. Jeneza lilikuwa limeshashuka na vijana wameshika machepe. Yule bwana akapenya katikati ya watu, akachuchumaa kwenye ukingo wa kaburi, akaukodolea macho ule mfuniko kama anayesoma saa, kisha akatangaza kwa sauti ya ofisini, “Hapa ni sifuri. Andika, dada.” Kihagara nzima, kijiji chake cha kando ya Ziwa Nyasa, ilicheka, hata waliokuwa wakilia. Kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Ukimnunia wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Mimi nilimnunia. Niliondoka pale makaburini nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya kanisa, kwa sababu kisa kile ninakijua kuliko yeye. Mwambao wote ule unaamini kwamba Stefano ndiye mtumishi aliyepima ziwa akaliita sifuri na kwa uzembe wake nusura aue watu kwa njaa. Si kweli. Waliobaki hai wanaojua kwamba si kweli ni wawili: mimi, na mstaafu mmoja wa Dar es Salaam anayekula pensheni yake kwa raha. Ninaandika sura hii kwa hasira na sitaki kujifanya vinginevyo.

Ule ulikuwa mwaka Mbinga ilipolizoea neno soko huria. Chama cha ushirika kilikuwa hoi. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameingia na malori yao na mizani zao, mbolea ya ruzuku ilikuwa imeondoka bila kuaga, na mitumba ilitandazwa kwenye maturubai mbele ya maghala ambako wazazi wetu walikuwa wakipanga foleni na magunia. Ofisi yetu ilikodi vyumba viwili katika jengo la ushirika. Chumba chetu kilikuwa kimehifadhi kahawa kwa miaka mingi kiasi kwamba hata ukichemsha maji matupu yalikuwa na harufu yake. Kulabu ya mizani ilikuwa bado inaning'inia darini na Stefano alitundika kofia yake pale. Kati yetu na chumba cha mkubwa kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na upande wa pili kulikuwa na mnunuzi wa kahawa ambaye kutwa nzima alibishana na wakulima kuhusu unyevu wa kahawa yao. Saa za mchana mama mmoja alituletea maharage na ugali kwenye hotipoti lenye mfuniko uliopasuka, tukala palepale juu ya meza ya ramani, tukiwa tumezikunja ramani pembeni zisiingie mchuzi.

Mradi wetu ulikuwa wa tahadhari ya njaa. Zamani katibu kata alipoandika wilayani kwamba watu wake wanakula mizizi, serikali ilitafuta mahindi. Sasa mahindi yalikuwa ya wafadhili, na wafadhili walisema maneno ya katibu kata hayatoshi, wanataka ushahidi wa kitaalamu. Ushahidi huo ungetoka kwenye kompyuta kubwa iliyokuwa Ulaya, ambayo ingekisia mvua ya dunia nzima mraba kwa mraba. Ili ikisie ilipaswa kujua nchi imeinuka wapi na imelala wapi, kwa kuwa upepo ukikutana na mlima hupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa huangusha mvua. Kwetu Umatengo mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo bila kompyuta. Kazi yangu na Stefano ilikuwa kuipatia ile mashine vimo vya upande wetu. Tulitandika karatasi ya plastiki yenye miraba midogo juu ya ramani ya serikali, yeye akafuata mistari ya mwinuko kwa ncha ya penseli na kunisomea, mimi nikaandika. Tulifanya hivyo siku nzima, wiki baada ya wiki, mpaka nikawa naota mistari.

Kazi yenyewe ilinikera tangu mwanzo, ingawa nilihitaji mshahara. Sisi Wamatengo ardhi tunaihesabu kwa ntambo, yaani mgongo mmoja wa mlima pamoja na vijito viwili vinavyopakana nao, wenye ukoo wake, nyumba zake juu na ngolo zake kwenye mteremko, yale mashimo yetu ya kulimia yanayozuia udongo usishuke mtoni. Huwezi kuugawa ntambo kwa rula ukabaki na maana yoyote. Lakini rula ndiyo iliyotakiwa, na kila nilipoona mstari wa plastiki ukipita juu ya mlima wa watu ninaowafahamu niliguna. Stefano alinicheka. Alikuwa mtu wa Kihagara, Mwanglikana, mrefu, mpole, amenizidi umri kidogo, na hakuacha kunikumbusha kwamba watu wa milimani tunaogopa maji hata ya kuoga. Mimi nilimjibu kwamba wao wa ziwani wanalima muhogo kwa sababu unaota wenyewe. Mkubwa wetu, Dakta Felisiani, alikuwa akipita na kutuambia, “Gombaneni, lakini namba ziende.”

Ramani ya mwambao haikuwepo. Mchwa walikuwa wameila kabatini, na nakala nyingine ingetoka Dar es Salaam baada ya maombi na maombi. Kwa hiyo tulishuka na Land Rover, mimi, Stefano na dereva, tukiwa na altimeta, kifaa cha duara chenye mshale kinachosoma kimo kutokana na uzito wa hewa. Tulifikia kwa mama yake Stefano, Mama Edina, mjane mfupi mwenye sauti ya kwaya. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba akiwa ameshanishika mkono na kunivuta jikoni. Nikawa namenya naye muhogo huku usipa, dagaa wa ziwa lao, wakikaangwa wabichi kwa chumvi tupu, na yeye akinisimulia jinsi alivyouza samaki wakavu miaka yote ili mwanawe asome hesabu. “Sasa anapima milima ya serikali,” alisema. “Majirani wananiuliza inapimwaje, nami nawaambia muulizeni mwenyewe.” Kupitia mlangoni nilimwona Stefano amesimama ziwani, maji yamemfika katikati ya miguu, anazungusha skrubu ya altimeta kwa uangalifu kabisa. Alikuwa anauweka mshale kwenye sifuri.

Kosa lile lisingefanywa na mtu wa Dar es Salaam, wala na mimi. Kwa mtu aliyezaliwa Kihagara maji ndiyo sakafu. Nyumba iko juu ya maji kiasi fulani, shamba liko juu zaidi, kanisa liko kati, na hakuna mtu anayejiuliza maji yenyewe yako juu ya nini. Bahari wanaisikia kwenye somo la jiografia. Stefano alifaulu somo hilo, lakini mkono wake ulipoushika ule mshale ulifanya kama mikono ya kwao. Akapima mwambao wote hivyo, tukarudi Mbinga, na tulipounganisha namba zake na zile za ramani ya milimani kulitokea jabali la kutisha ambalo halipo duniani. Nililiona mimi, tukiwa tunakula. Stefano aliacha kutafuna, akalitazama, akajishika kichwa. “Dada Skola, nimeanzia majini,” alisema. Ziwa Nyasa liko karibu mita mia tano juu ya bahari, kwa hiyo dawa ilikuwa rahisi: tuliongeza kimo hicho kwenye kila namba yake, moja baada ya nyingine, jabali likatoweka. Dakta Felisiani alizipitia zote mwenyewe. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaenda kukisimulia kisa hicho kwenye kila hoteli ya chai mjini. Namba zilizopelekwa Ulaya zilikuwa sahihi, naye alijua ni sahihi kwa kuwa alizifunga kwenye bahasha kwa mkono wake.

Baada ya miezi kadhaa karatasi za majibu zilirudi. Siku hiyo Dakta alikuwa na mgeni, mwenzake kutoka makao makuu, na ule ukuta wa mbao haukuficha neno. “Hapa kwenu mmepewa kimo gani?” mgeni aliuliza. Dakta akamweleza taratibu, kama mwalimu. Mraba wetu ulianzia ndani ya ziwa, ukapanda Umatengo wote na kuendelea kuelekea Songea, na mraba mzima mashine iliupa kimo kimoja, yaani wastani wa vyote. Milima ilikuwa imeshushwa na mwambao umepandishwa mpaka vikakutana katikati. Na ziwa halikujaza hata nusu ya mraba, kwa hiyo lilihesabiwa kuwa nchi kavu. “Kwa hiyo Nyasa haipo,” alisema mgeni. “Haipo,” alisema Dakta, na wote wawili wakacheka. “Huko baharini nako mashine inatuchomozea vilima ambavyo havipo. Ndivyo ilivyo. Hesabu za milima zinaisumbua.” Stefano alikuwa ameduwaa, penseli mkononi. “Yaani mmoja amesimama, mwingine amelala,” alininong'oneza, “wao wanaandika wote wawili wamekaa.”

Mpaka leo jambo hilo linanichemsha. Sisemi wataalamu wale walikuwa wajinga, maana hawakuwa. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na nafasi ndogo na dunia ni kubwa, na mtu akiniambia nimefupisha kwa sababu sina nafasi ninamwelewa. Siku hizi miraba imekuwa midogo, ingawa juzi tu, nikiwa nafuta jasho Kihagara, simu yangu iliniambia hapo nilipo kuna baridi ya kuvaa sweta. Niliizima. Kinachonikasirisha si ufupisho. Ni mtu anayeujua ufupisho wake chumbani, anaucheka na mgeni wake juu ya chai, halafu anakwenda mbele ya watu wenye njaa kuusoma kama Injili.

Maana njaa ilikuja. Msimu ule mawingu yalipita juu ya mwambao bila kusimama, yakaenda kumwaga kila kitu milimani. Kwetu maharage yalistawi na ngolo zilijaa maji. Kihagara mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini na muhogo mchanga ulisinyaa ardhini. Nilishuka tena na Stefano mwezi ule wa mwisho wa masika. Mama Edina alitukaribisha vilevile kwa sauti yake ya kwaya, lakini kwenye sahani palikuwa na usipa wachache na uji mwembamba wa pumba, na yeye hakula, alisema ameshakula. Stefano alisukuma sahani yake upande wa mama. Mama akairudisha. Walisukumana hivyo mpaka mimi nikainuka na kwenda nje kwa kisingizio cha kunawa. Katibu kata alikuwa ameandika wilayani zaidi ya mara moja. Jibu alilopewa ni kwamba kitaalamu mvua ya eneo lake ilikuwa ya kutosha. Na mashine haikuwa imekosea kwa namna yake: ukichanganya mafuriko ya milimani na ukame wa ziwani, kisha ukagawa sawa kwa wote, kila mtu amepata.

Kamati ya chakula ilikaa Mbinga, katika ukumbi wa wilaya. Wajumbe wa wafadhili walikuwepo, makatibu kata walikuwepo, na sisi tulikaa nyuma kubeba makaratasi. Katibu kata wa huko ziwani alisema watu wake wamevimba miguu. Mwenyekiti akamgeukia Dakta Felisiani, Dakta akasimama, akafungua karatasi, akasema mraba huo umepata mvua ya kutosha. Sikuamini masikio yangu. Nilimsubiri aongeze sentensi moja tu, ile aliyomwambia mgeni wake, kwamba ndani ya karatasi hiyo Kihagara ni tambarare ya mlimani isiyo na ziwa. Alikaa. Katibu kata alibaki amesimama.

Kikao kilipovunjika kwa ajili ya chai tulimfuata Dakta nje, kwenye ngazi. Stefano ndiye aliyeanza, kwa heshima zake zote. “Mkubwa, kule nyumbani watu wanakufa. Waambie jinsi mraba ulivyo.”

“Nikiwaambia wafadhili kwamba mashine haioni ziwa, mradi unafungwa, si hapa tu, nchi nzima,” alisema Dakta. Alikuwa anatazama kikombe chake. “Lakini kuna njia. Utaratibu unasema kama vipimo vya eneo vina kosa, mraba unafutwa, na uamuzi unarudi kwenye taarifa za kata. Taarifa za kata zinasema njaa. Lori la mahindi liko Songea tayari.”

“Vipimo havina kosa,” nilisema.

“Mji mzima unajua habari ya sifuri.”

“Tuliirekebisha. Wewe mwenyewe ulizikagua namba zote.”

“Najua, Skola. Naongea na Stefano.”

Stefano aliuliza swali moja. “Mahindi yatafika lini?” Dakta akasema wiki hiyohiyo. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri mwema, kwamba habari hiyo isije ikasemwa vinginevyo hata siku moja, kwa kuwa kosa la kubuni ili kupata chakula cha watu ni wizi, na wa kwanza kuulizwa watakuwa waliokula. Nilimwambia Dakta neno ambalo sitaliandika hapa. Stefano alinishika kiwiko. “Dada, mama yangu anakunywa pumba,” alisema, akapanda ngazi kurudi ukumbini.

Alisimama mbele ya kamati, mikono nyuma kama mwanafunzi, akasema alipopima mwambao aliuweka mshale kwenye sifuri pale majini badala ya kimo cha bahari, na kwamba kosa hilo lilikwenda mpaka Ulaya, na ni lake peke yake. Ukumbi ulicheka, kwa sababu walishakisikia kisa hicho hotelini. Mjumbe mmoja wa wafadhili alitikisa kichwa kwa huruma, ile huruma inayotukana. Dakta Felisiani alisema anasikitika kwamba usimamizi haukuligundua mapema. Mraba ukafutwa. Stefano akafukuzwa kazi kabla ya chai ya pili, na mahindi yakaidhinishwa. Nami nilikaa na makaratasi yangu mapajani, yenye namba sahihi zote, nikijua nikifungua mdomo lori halitatoka Songea. Baadaye kidogo niliacha kazi ile, lakini Dakta aliendelea nayo, akapanda cheo mpaka akastaafia Dar es Salaam, na miraba yetu ikabaki na kimo kilekile kwa miaka.

Nimekaa na siri hiyo kwa sababu Stefano alinitaka nikae nayo. Kila nilipompelekea hasira zangu alinijibu kwamba watu walishakula, sasa niwatapishe? Alirudi ziwani akavua samaki, akaoa, akazeeka, na kila harusi na kila ubatizo kuna aliyemwuliza kama meza imepimwa kuanzia majini. Alicheka pamoja nao. Waliomcheka wengi walikuwa watoto mwaka ule, na mahindi yale ndiyo yaliyowakuza. Sasa amekufa, na kama kuna ofisi inayotaka kuyadai mahindi, ije kwangu.

Lori lilipofika Kihagara nilikuwepo, na Dakta alikuwepo pia, maana wafadhili walitaka picha. Mahindi yaligawiwa kwenye uwanja wa kanisa. Watu walikuwa wamepanga mstari na ndoo na vikapu, na habari ya sifuri ilikuwa imeshatangulia kutoka Mbinga. Stefano alikuwa anashusha magunia, amevua shati. Wanaume walimtania kwa ukali ambao haukuwa utani. Mama Edina alipokwisha kupewa kipimo chake hakwenda nyumbani. Alikitua chini, akamwita mwanawe kwa jina, na mstari mzima ukageuka kusikiliza.

“Stefano, nimesikia ulichofanya,” alisema. “Nilikusomesha hesabu mimi, kwa mikono hii. Kama wakubwa zako wasingeligundua kosa lako tungekufa hapa. Njoo umwombe radhi huyu baba aliyetuokoa. Njoo, nikuone.”

Stefano alijifuta vumbi la magunia usoni, akaja. Mama yake alipiga magoti mbele ya Dakta Felisiani kama wanavyopiga wanawake wa kule wanaposhukuru, na yeye akasimama nyuma yake, ameinamisha kichwa.

“Naomba unisamehe, mkubwa,” alisema Stefano.

Dakta aliinama, akamshika mama mkono kumwinua.

“Yamekwisha, mama,” alisema. “Nimeshamsamehe.”